Mawe ya Mama na Kivuli cha Mgunga

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tulisimama watoto watatu wa mama mmoja mbele ya marundo mawili ya mawe, jua limetukalia utosini, na hatukukubaliana ni rundo lipi lililomfunika mama yetu. Nimesema nakumbuka. Hilo ni neno jepesi kulitamka, na watu hulitumia kama wanavyoutumia mlango wa nyumba yao, wanapita tu bila kuutazama. Mimi nilianza kulitazama siku ile, na sijaacha mpaka leo.

Nikueleze kwanza sisi ni kina nani, maana bila hayo hutaelewa kilichotugombanisha. Baba yetu alitangulia kufa. Mama alimfuata wakati wa ukame, tukiwa njiani kutoka upande wa Namoruputh tukiteremka Lodwar, kwa kuwa tulisikia chakula kinagawiwa misheni. Mimi, Nakiru, ndiye mkubwa; wakati huo nilikuwa msichana wa kuchunga peke yangu bila kusimamiwa. Mdogo wangu Ekidor alikuwa bado wa kukimbizana na mbuzi wachanga. Wa mwisho, Apua, alikuwa ananyonya, na jina lake lilitokana na vumbi la msimu aliozaliwa. Mama alizikwa kando ya laga, katika mkondo ule wa mchanga ambao maji hupita mvua ikinyesha na kuuacha mkavu siku nyingine zote. Waliomzika ni shangazi yetu Asekon, dada ya baba, pamoja na watu wachache wa msafara. Kisha tukaendelea na safari, maana mifugo iliyobaki haikuwa na nguvu ya kungoja matanga.

Lodwar niliingia shule kidogo, nikatoka mapema. Wadogo zangu walihitaji kula, nami nilijua kusuka vikapu vya majani ya mkoma. Nilisuka, nikauza kando ya barabara, na kusoma nilikoendelea nako kulikuwa ni kwenye magazeti ya kufungia sukari. Sikuelezi haya ili unisifu. Mkubwa hufanya hivyo, basi. Ekidor alisoma mpaka akawa mwalimu. Apua alisoma mpaka akachoka mwenyewe, akaja tukasuka pamoja.

Jioni nilipokuwa napika, niliwasimulia habari za mama. Niliwaambia alivyokuwa mrefu, alivyokuwa akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, alivyomtukana dume wa mbuzi aliyekula kamba yake ya kufungia kuni. Niliwasimulia pia maziko yake. Niliwaambia kwamba niliyabeba mawe kwa mikono yangu, na kwamba yalikuwa ya moto mpaka nikawa nayahamisha kiganja hiki kwenda hiki. Hiyo ndiyo kumbukumbu niliyoiegemea, mwanangu. Mteja akinitukana, mvua ikibomoa kibanda, nilijiambia kimoyomoyo: mimi ndiye niliyemwekea mama mawe. Mtu akishafanya hilo akiwa bado mtoto, kuna jambo gani litakalomshinda tena?

Miaka ikapita, Apua akachumbiwa na kijana wa Lowarengak, kule ziwani, mvuvi ambaye watu wake pia wana mbuzi na ngamia. Wazee walizungumza, mifugo ikakubaliwa, na watu wa bwana harusi wakaja wakapiga kambi kwa jamaa yao karibu na mto Turkwel. Lakini Apua akasema hataenda ziwani kabla hajamsalimu mama. Kwetu, anayepita karibu na kaburi la mzazi husimama, akaweka tumbaku juu ya mawe, akamwita kwa jina na kumpa habari za nyumbani. Msichana anayekwenda kuanza nyumba bila kufanya hivyo ni kama aliyetoroka. Apua hakuwa amewahi kwenda, na sisi wakubwa hatukuwa tumerudi pale tangu maziko. Tulimchukua, mimi na Ekidor, tukafika pale kwenye laga asubuhi.

Kumbe ukame ule haukuwa umemchukua mama peke yake. Tulikuta marundo mawili. Moja lilikuwa chini ya mgunga mkubwa, ule mti tunaouita ewoi, unaotupa kivuli kipana na kuangusha maganda ambayo mbuzi wanayapenda. La pili lilikuwa juu kwenye mteremko, mahali peupe, bila hata kichaka. Mimi nilipanda moja kwa moja kwenye mteremko. Ekidor akaenda moja kwa moja kwenye mti.

"Dada, unakwenda wapi?" aliniuliza.

"Kwa mama."

"Mama yuko hapa."

Nilidhani anatania, kwa kuwa Ekidor ni mtu wa utani. Hakuwa akitania. Alisema anakumbuka vizuri kabisa alivyokaa chini ya ule mti, mgongo umeegemea gome, akiniangalia mimi nikipita na mawe. Nikamwambia hapakuwa na mti. Kama pangekuwa na kivuli, mawe yasingekuwa ya moto, na moto ule bado niliusikia mikononi. Akasema mawe niliyatoa kwingine juani, nikayaleta kivulini. Nikamwambia alikuwa mtoto mdogo sana, kwamba anachokiita kumbukumbu yake ni maneno yangu ya jioni, niliyomwingizia pamoja na uji.

"Basi kama ni maneno yako," akasema, "wewe ndiye uliyesema kivuli."

Nilijaribu kukumbuka kama niliwahi kusema kivuli. Sikuweza. Na kushindwa kule hakukunithibitishia kwamba sikusema. Hilo ni jambo la ajabu kuhusu kumbukumbu: ukipekua usikute kitu, hujui kama hakikuwahi kuwekwa au kimetoka.

Apua alikuwa amesimama katikati yetu na tumbaku amefunga kwenye pindo la shuka. Alitusikiliza mpaka tukaanza kurudia maneno yale yale, kisha akasema taratibu, "Nyinyi mna mama wawili. Mimi sina hata mmoja, na tumbaku ni hii tu." Akalikaza fundo, akarudi kukaa kwenye gari tulilokodi. Njiani alisema jambo moja tu: hatamsalimu mtu asiyemjua akimwita mama, na hataolewa kabla hajasalimu. Watu wa Lowarengak waliokuwa wakingoja mtoni hawakuwa watu wa kungoja milele. Tayari mzee wao mmoja alikuwa ameanza kuuliza kama bibi harusi ana miguu.

Aliyebaki hai kati ya watu wazima wa siku ile ni Shangazi Asekon peke yake. Alikuwa akiishi Kakuma, pembeni mwa kambi ya wakimbizi, akiwauzia kuni. Mimi na Ekidor tukapanda lori la mizigo kesho yake, tukimwacha Apua Lodwar. Nilikuwa na hakika kwamba shangazi atasema mteremko, na nadhani naye alikuwa na hakika ya mti.

Tulipofika tuliambiwa shangazi bado yuko porini. Tukamngojea katika hoteli ndogo ya mabati, ambayo mwenyewe wake alikuwa mkimbizi wa Kongo aliyeitwa Baba Bahati. Shangazi alizoea kupumzikia kwenye benchi lake akitua mzigo. Baba Bahati alitupa chai, akatuuliza tumeleta habari gani. Ekidor, kwa kuwa walimu hawajui kukaa kimya mbele ya mtu anayesikiliza, akamsimulia yote.

Yule mtu akatabasamu. Alisema kwao alikuwa mwalimu pia. "Miye nilifundishaka falsafa," akasema. "Hiyo mambo yenu, watu walibishanaka juu yake zamani sana."

Akakaa nasi. Nilisikiliza kwa makini, ingawa nilijifanya nashughulika na chai. Alisema wako wenye elimu waliodai kwamba kumbukumbu ni kama ufunguo uliogandamizwa kwenye kipande cha sabuni: kitu kinakuja, kinaacha umbo lake, kinaondoka, na umbo linabaki vile vile. Ekidor akasema huo ndio ukweli wenyewe. Mimi nikauliza, na sabuni ikitumika? Baba Bahati akacheka mpaka akaweka birika chini. Akasema wengine nao waliona hivyo hivyo, wakadai kwamba hakuna kitu kinachobaki kimewekwa. Kila mara unapokumbuka unapika upya. Ugali wa leo si ule wa jana, hata kama unga umetoka gunia moja na sufuria ni ile ile. Na wako wa tatu, akasema, waliofundisha kwamba mtu peke yake hakumbuki kitu. Tunakumbuka kwa kushikiliana, kama watu wanaobeba mtungi mkubwa, huyu akilegeza, mwingine ndipo anapohisi uzito.

Ekidor akataka kujua yeye anafuata upande upi.

Baba Bahati alifuta meza ambayo haikuwa chafu. Kisha akatueleza kwamba yeye na mdogo wake walikimbia pamoja, usiku na mchana, mpaka wakavuka mto mmoja mkubwa. Walipofika Kakuma waliitwa kuhojiwa, kila mmoja chumba chake. Yeye alisema walivuka asubuhi. Mdogo wake alisema walivuka jioni. Waliowahoji wakaandika, wakatazamana, na tangu hapo maombi yao ya hati za ukimbizi yakakwama.

"Wote wawili tulisema kweli," akasema. "Lakini karatasi ilitaka kweli moja." Akammiminia Ekidor chai nyingine. "Sasa tukikula na ndugu yangu, tunaongea mpira, tunaongea bei ya unga. Juu ya mto hatuongeaki tena. Tunaogopa."

Nilimtazama mdogo wangu, mtu niliyemlisha, nikajiuliza kama ipo siku tutakula pamoja tukizungumza bei ya unga tu.

Shangazi akafika akiwa na mzigo wa kuni kichwani, shingo imenyooka kama ya msichana. Tukamsalimu, "Ejok?" akaitika "Ejok-noi," akatua mzigo na kututazama. "Mmekuja kunilisha au kunizika?" akauliza. "Kama ni kunizika, ngojeni kwanza niuze hizi." Tuliongea naye kwa lugha yetu, mwanangu, nakuandikia kwa Kiswahili ili usipitwe.

Tulimweleza. Alitafuna tumbaku akisikiliza, mara akainua mkono kunizuia nilipofika pale kwenye mawe.

"Mawe gani uliyobeba wewe?" akasema. "Mawe nilibeba mimi. Wewe ulikuwa umekaa chini na Apua mapajani, na hukuinua hata jiwe moja. Nani angekuruhusu? Mtoto alikuwa akilia, na hakukubali kubebwa na mwingine."

Nilitazama viganja vyangu. Vilikuwa na sugu za majani ya mkoma, na nilivijua vizuri kuliko nilivyoujua uso wangu. Nitakueleza nilichofikiri, kwa sababu sikulia wala sikukasirika. Nilifikiri tu, kwa utulivu ambao ulinishangaza. Nilifikiri: miaka yote hii nimesimama juu ya jiwe, na sasa naambiwa jiwe halikuwapo. Je, nilikuwa nimesimama juu ya nini? Maana kusimama nilisimama. Vikapu vilisukwa, watoto walikula, ada ya Ekidor ilipatikana. Kama kumbukumbu ile haikuwa ya kweli, maisha yaliyoota juu yake yalikuwa ya kweli. Na halafu nikafikiri: lakini moto wa mawe ninao bado mikononi. Mtu anawezaje kuwa na moto wa kitu ambacho hakukishika?

Nikamuuliza shangazi kama palikuwa na mti. Akasema ndiyo, palikuwa na mti. Halafu akasema, au mti ulikuwa kule walikomzika mwanamke mwingine, jirani yetu, mwezi ule ule. Halafu akasema hajui.

Basi nikamwambia, kwa heshima, kwamba huenda yeye ndiye anayesahau, na kwamba kama mti haukumbuki vizuri, huenda hata mambo ya mawe ameyachanganya. Hapo ndipo aliponikemea, na ndiyo sababu ya kukuandikia haya yote.

"Nakiru," alisema, "unazungumza kama askari wa kile kizuizi cha Kainuk. Kila anayepita, leta kitambulisho. Hata mama yako akipita hapa sasa hivi, utamsimamisha." Akatema tumbaku pembeni. "Nikuulize. Uliwapa hawa wadogo zako mama ili wawe na mama, au ili wawe na mama wako?"

Ekidor akaanza kucheka kidogo, kama mdogo anavyofurahi mkubwa akigombezwa, na shangazi akamgeukia yeye. "Na wewe mwalimu, usicheke. Umekuja kutoka Lodwar na lori zima kutafuta mtu wa kumshinda dada yako. Mimi nimekuwa fimbo lini?"

Baba Bahati, ambaye hakuelewa neno hata moja, alitutazama tulivyoinamisha vichwa, akaleta chai ya shangazi bila kuambiwa.

Kesho yake shangazi aliuza kuni zake, akajifunga shuka, akaja nasi. Tulipitia Lodwar tukamchukua Apua, tukarudi kwenye laga. Shangazi alilizunguka rundo la mteremko, akagusa mawe. Akateremka, akalizunguka rundo la chini ya mti, akagusa mawe. Nilikuwa bado natumaini, sikufichi. Nilitumaini kwamba mkono wake utakumbuka kile ambacho kichwa kimepoteza. Akatikisa kichwa. Hakuna kilichokuja.

Kisha akamshika Apua mkono, akaongea naye mbele yetu. Alimkumbusha jinsi mifugo inavyorudi jioni. Mchungaji wetu hahesabu. Anasimama kwenye lango la boma, mbuzi wanapita wakisukumana, na mara anasema yule mwenye sikio jeupe hayupo. Hajamuona, ndivyo anavyojua. "Hawa wawili wanabishana walichokiona," shangazi alisema. "Wewe hukuona kitu. Lakini tangu utoke kwenye titi la mama yako, hakuna jioni hujajua nani hajaingia bomani. Na huko nako ni kumkumbuka. Nenda ukamsalimu. Popote utakaposimama, sisi tutasimama."

Apua alitembea polepole. Alisimama kidogo kwenye laga, akatazama juu, akatazama chini, halafu akaenda kwenye mti. Aliuweka mkono kwenye gome.

"Hapa," akasema. "Kama ningekuwepo na nguvu, ningemlaza hapa."

Nami nilikuwa kwenye mteremko. Sijui nilikuwa nimepanda saa ngapi, miguu ilijipeleka. Wote watatu walikuwa chini, kivulini, na hakuna aliyeniita. Shangazi alijua kutoniita. Nilibaki pale na moto wa mawe yangu, nikiwa peke yangu na pengine nikiwa na haki, na nikaona kwamba naweza kubaki pale na haki yangu maisha yangu yote.

Nikateremka. Nilipofika kwenye mchanga niliinama, nikachukua jiwe, kubwa la kutosha kunilemea, lililokuwa limekaa juani tangu asubuhi. Lilinichoma. Nikalihamisha kiganja hiki kwenda hiki, nikaenda nalo mpaka chini ya mti, nikaliweka juu ya rundo. Shangazi alinitazama, akacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, na nikashtuka, maana nilikuwa nikiwaambia wadogo zangu miaka yote kwamba hivyo ndivyo mama alivyokuwa akicheka. Sijui mpaka leo ni kicheko cha nani nilichowapa.

Apua alifungua fundo, akaweka tumbaku, akamwita mama kwa jina. Alimwambia anakwenda ziwani, kwamba mwanamume mwenyewe haongei sana lakini anajua kazi, na kwamba samaki hajamzoea bado ila atajitahidi. Alimwambia Ekidor ni mwalimu. Alimwambia mimi nimebeba jiwe. Tumbaku iliyobaki alimpa shangazi, naye akaipeleka kule juu kwenye mteremko, kwa yule mwingine, yeyote awaye, ambaye watu wake hawakuwahi kurudi. Alimwomba radhi kwa kelele zetu.

Wiki ile Apua aliolewa. Yule mzee wa Lowarengak aliona kwamba bibi harusi ana miguu.

Sasa sikiliza yaliyofuata, mwanangu, maana mambo ya kumbukumbu hayaishi siku ya tukio. Apua ana watoto wakubwa. Nilipokwenda kuwatembelea ziwani nilimsikia akiwasimulia kwamba anamkumbuka mama amemkalisha mapajani chini ya mgunga, na majani yakicheza usoni pake. Alikuwa ananyonya siku zile. Hawezi kuwa anakumbuka. Tena kama shangazi alisema kweli, mapaja yale yalikuwa yangu. Ekidor alikuwa amekaa hapo, akanitazama kuona kama nitasahihisha. Nikaomba niongezewe samaki.

Na mimi mwenyewe, nikifumba macho siku hizi kuyakumbuka maziko, naona kivuli. Mti upo, gome lipo, Ekidor ameegemea. Najua kivuli hicho kiliingia lini, na najua nilikiingiza mimi kwa miguu yangu nilipoteremka. Lakini mikono bado inasikia moto. Vyote viwili vinakaa ndani yangu bila kugombana, na nimeacha kuvitaka vitambulisho.

Shangazi Asekon naye amefariki. Tulimzika Kakuma, tukamwekea mawe, na safari hii Ekidor alipiga picha kwa simu ili pasiwe na ubishi. Ninayo hiyo picha. Inaonyesha rundo la mawe, vizuri kabisa. Haionyeshi alivyotucheka. Baba Bahati alikuja mazikoni na mdogo wake, na nikawasikia nyuma yangu wakinong'ona kuhusu mto fulani, mmoja akisema asubuhi, mwingine jioni, na hawakuwa wakiogopa.

Basi nasaha yangu ni hii. Unachokumbuka ni chako kukitunza, si fimbo ya kuwapigia watu. Kisimulie, tena mara nyingi, maana kisiposimuliwa kinakauka; lakini ukisimulia, acha nafasi kwenye benchi kwa mwingine aliyekuwapo akaona vingine. Ndugu yako akikumbuka tofauti na wewe, usikimbilie kumwita mwongo. Mwongo anajua anachoficha. Ndugu yako hafichi, anakupa alichonacho. Pale ambapo haki ya mtu inategemea kumbukumbu, kama mpaka wa shamba au damu iliyomwagika, tafuta mashahidi, tafuta alama, usiuamini moyo wako peke yake hata ukiwa na hakika, na hasa ukiwa na hakika. Waulize wakubwa wangali hai, na usiende kwao kutafuta fimbo. Na ukigundua siku moja kwamba jiwe ulilosimama juu yake halikuwapo, usianguke kwa ajili hiyo. Inama, ubebe jingine, uliweke mahali ambapo wako wamesimama.

Mungu, tunayemwita Akuj, akupe miguu isiyochoka na mahali penye maji. Jioni ukisimama langoni, wako wote wapite mbele yako wakisukumana, na asiwepo wa kukosekana. Na siku utakayokuwa wewe ndiye wa kukumbukwa, wakukumbuke kila mtu kwa namna yake, wabishane kidogo, kisha wakae pamoja kivulini.